Bushi Hukazwa Gari Likiwa na Watu Wake

Alizaliwa wapi na wazee wake walikuwa nani, mimi sijui, na sikuwahi kuuliza. Mteja akiingia gereji haulizwi ukoo, huulizwa gari linalia wapi. Yeye nilimjua kwanza kwa mlio wa gari lake, kisha kwa sauti yake, kisha kwa mambo mengine ambayo afadhali nisingeyajua, ila nimeshayajua na hayatoki. Voi na milima yote ya juu walimwita Karani. Mama huyu alifanya kazi kortini huko Wundanyi mpaka akastaafu, kazi ya kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa. Alimsomea mtu shtaka lake kwa Kiswahili, na asiyesikia Kiswahili alimsomea kwa Kidawida, kisha akamuuliza: maneno haya ni kweli ama si kweli? Sasa hayupo tena. Jina lake hasa nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye mazishi ambayo hayakuwa yake, likisomwa katika orodha ya jamaa, nikageuka kumuuliza jirani yangu ni nani huyo.

Siku ya kwanza alinisalimu kwa utaratibu wote, habari ya asubuhi, habari ya nyumbani, habari ya watoto, mimi naitikia na mikono imejaa grisi. Kisha akageuka, akakinyooshea kidole kile kigari chake kifupi, cha milango mitano, ambacho zamani kilikuwa cha buluu.

"Fundi, huyu ameshtakiwa kwa kunipigia kelele nyuma kutoka Ronge mpaka hapa. Mafundi watatu wamesema ni shoki. Shoki nimebadilisha. Kelele iko. Sasa nataka kujua ni nani anadanganya, ni fundi ama ni gari."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wallahi sikuwalaumu sana wale mafundi. Kwetu huku kitu chochote kikigonga nyuma ya gari jina lake ni shoki, kile chuma cha kumeza mitikisiko. Mwenye gari anasema shoki, fundi anasema shoki, hata anayeuza mahindi ya kuchoma barabarani akisikia gari linapita ngo-ngo-ngo anakuambia shoki zimekufa hizo. Zinatolewa shoki nzima zinawekwa shoki nyingine nzima, na mgonjwa anaenda nyumbani na ugonjwa wake. Mimi nililiweka gari juu ya shimo, nikaingia chini na chuma changu cha kupimia, nikaisukuma bimu ya nyuma, ule mhimili unaoshika magurudumu mawili. Ikacheza kama jino bovu.

"Karani, ni bushi," nikamwambia.

"Una ushahidi?"

Nikamwita, akainama pale pembeni na sweta lake, nikamwonyesha. Bushi ni duara la raba nene ndani ya chuma, kubwa kama ngumi ya mtoto. Ziko mbili, kushoto na kulia, nazo ndizo zinazoishika bimu isigongane na bodi. Ya kushoto ilikuwa imechanika kabisa. Ya kulia ilikuwa njiani. Akatazama mpaka akaridhika, akasema, "Hizi nilibadilishiwa Mwatate mwaka jana tu. Mbona zimekufa?"

Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo mafundi wengi wenye haraka hawana subira nalo. Ukiikaza boliti ya bushi gari likiwa limeinuliwa kwa jeki, magurudumu yananing'inia, raba inashikwa katika hali ile ya kuning'inia. Gari likishuka chini, raba inajisokota, na itakaa imesokoteka usiku na mchana mpaka ichanike. Bushi inatakiwa ikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake wa kila siku ukiwa ndani. Ndiyo maana marehemu baba alichimba lile shimo kwa mikono yake, gari lisimame juu, fundi aingie chini.

"Sasa mzigo wake wa kila siku ni upi?" nikamuuliza.

Akaonyesha kiti cha nyuma, upande wa kushoto. "Ni huyu," akasema.

Huyo alikuwa binti yake, Mghoi. Mwanamke mzima, mwili mkubwa, viganja laini vya mtu ambaye hajashika jembe. Kusema alikuwa hawezi. Kama alizaliwa hivyo au alipatwa na jambo wakati wa kuzaliwa, Karani hakupenda kulieleza, nami sikumchokonoa. Gari likienda, Mghoi alijisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, akiimba wimbo usiokuwa na maneno, na gari likisimama naye alitulia. Ndiyo sababu bushi ya kushoto ilikuwa ikitangulia kufa kila mara.

Karani alikuwa ameshafungua mlango ili amteremshe. Nikamwambia, "La, mama, asitoke. Nikikaza, ninamtaka palepale anapokaa."

Akanitazama. Alinitazama mpaka nikadhani nimekosa adabu. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba tangu Mghoi azaliwe, kila mahali walipokwenda aliambiwa amtoe. Kanisani wimbo wake ukianza, mtu alikuja kunong'ona, dada, mtoe kidogo nje. Harusini hivyohivyo, kwenye foleni hivyohivyo. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia asitoke," akasema. Basi tangu siku ile hakupeleka gari kwa fundi mwingine, hata wa karibu na kwake.

Nilimzoea siku za Alhamisi. Alhamisi alimleta Mghoi kliniki hapa Voi kufanyishwa mazoezi ya viungo, na wakitoka walipita gereji, wakati mwingine bila sababu. Alivaa sweta katika joto la Voi, joto ambalo hata mbuzi hutafuta kivuli saa tatu asubuhi. Nikamtania, Karani, hili sweta ni la nani? Akajibu, "Sweta ni ya kurudi mlimani." Chai ya hotelini hakuinywa, alisema wanatia sukari kama wanataka kumzika mtu. Alikuja na chupa yake, akanimiminia kwenye kifuniko. Mwezi wa Ramadhani alisahau kila mwaka. Alimimina, akaninyooshea, kisha akakumbuka na kunifokea mimi: "Na wewe unaniangalia tu! Si ungesema?" Halafu chai ile akaimwaga chini, asiinywe mbele yangu.

Umbea hakuutaka. Ukianza tu kumwambia fulani wa Mwatate nasikia amefanya hivi, alikuinulia kiganja: "Uliona ama uliambiwa? Hiyo ni ya kusikia, haikubaliki." Lakini habari zote alizitaka. Alikaa palepale kwenye kile kiti cha gari nilichokiweka kivulini, akanivuta neno baada ya neno mpaka nikamaliza yote, jina, mtaa, na aliyeniambia. Ndipo alipotoa hukumu kwamba haikubaliki. Mke wangu alicheka sana siku alipoyaona hayo kwa macho yake, akaniambia, huyu mama anakufua kama shati.

Uwongo aliuchukia vilevile. Alisema kwamba katika kazi yake aliyapenda majibu mawili tu, ni kweli na si kweli, na watu waliompa taabu ni wale waliosema "ni kweli, lakini." Na hata hivyo nilimsikia akidanganya kila Alhamisi, kavukavu, uso hautingishiki. Mtu yeyote akichungulia dirishani na kuuliza, "Na huyu Mghoi anaendeleaje?" Karani alijibu, "Vizuri sana. Ameanza kusema." Miaka yote ile Mghoi alikuwa ameanza kusema. Siku moja nikajitia ushujaa: "Karani, hayo ya kuanza kusema ni kweli ama si kweli?"

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Hiyo ni ya kuwatoa njiani tu, Fundi. Ukisema ukweli wanaanza kukuombea palepale, na mimi nina safari."

Kuendesha gari, Mungu anisamehe, hakujua. Aliendesha katikati ya barabara, polepole, miguu haina viatu, viatu vimepangwa vizuri kando ya kiti. Malori yakimpigia honi kwenye zile kona za mlimani alitoa mkono nje na kuupunga, kama anayemwambia mtu aketi. Lakini mikanda! Gari halikuondoka mpaka mkanda wa Mghoi umefungwa, umevutwa, umejaribiwa mara ya pili. Niliwahi kumwambia avae viatu. Akasema mguu wake unasikia gari vizuri zaidi ukiwa wazi, na kwamba yeye ndiye aliyegundua bushi zinagonga, hakuzigundua kwa masikio, alizigundua kwa unyayo.

Mara moja walikutana na ndovu wakivuka, upande huu wa Ndara, kundi zima na watoto wao. Akazima injini wakangoja. Alikuja kunisimulia macho yanang'aa, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kung'aa. Yule mkubwa alisimama katikati ya lami akawageukia, masikio wazi, naye Karani akaanza kuomba kimyakimya. Na nyuma yake akasikia sauti ambayo hakuitambua. "Alicheka, Fundi. Mghoi alicheka, nilimsikia mwenyewe, si ya kusikia." Alilirudia tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Aliporudia mara ya tatu nikajifanya sijawahi kulisikia.

Lakini chini ya mambo haya yote kulikuwa na jambo moja, na kila aliyemzoea alilijua, kwa sababu hakulificha. Swali lake lilikuwa hili: nikifa mimi, Mghoi atakaa na nani? Mumewe alishafariki. Mtoto mwingine hakuwa naye. Kulikuwa na mtoto wa kakake, yuko Nairobi, ana kazi nzuri, na kila alipopigiwa simu alisema, "Shangazi, usijali, tutaangalia." Neno hilo lilimchoma. "Tutaangalia," aliniambia huku anafunga kifuniko cha chupa kwa nguvu. "Hiyo ni lugha ya mtu ambaye tayari ameshashika mlango. Kortini nimesikia tutaangalia mpaka masikio yakachoka."

Basi akaanza kuwapima watu, na upimaji wake ulikuwa wa ajabu. Hakumuuliza mtu lolote. Alimwambia tu, nateremka Voi Alhamisi, twende nikupe lifti. Akamweka kiti cha nyuma, upande wa kulia, pembeni ya Mghoi, kutoka Ronge mpaka hapa, mawe kwa mawe. Walipofika gereji kwangu, mtu yule alikuwa ameshapita au ameshaanguka, na mwenyewe hana habari kwamba alikuwa kwenye mtihani. Binamu yake mmoja aliweka vitu masikioni akasikiliza simu njia nzima: akaanguka. Mama mmoja wa kanisani kwake alifungua dirisha na kutoa kichwa nje kama mbuzi: akaanguka. Mwingine alikuwa mwema kabisa, alimpangusa Mghoi mate, akamwimbia hata pambio, lakini kabla hawajafika Mwatate alikuwa ameuliza shamba lina ukubwa gani. "Huyo alianguka kwa sauti," Karani akasema.

Hata mimi alinipima. Aliniuliza siku moja, kama mzaha, "Nikikuachia hii gari, utaichukua na abiria wake?" Nikamwambia ukweli, kwamba nyumba yangu ni vyumba viwili na watu saba, na mama yangu mzazi ameshalala kitandani hainuki. Sikutaka kumpa tutaangalia. Akatikisa kichwa, akasema, "Umejibu vizuri. Nilitaka tu kusikia utajibu namna gani." Akanimiminia chai. Lakini siku ile aliondoka mapema, na nilipolisikia gari likipanda barabara nilijuta kwamba sikuwa na nyumba kubwa.

Alikuwa akizeeka. Niliyaona hayo kwa namna alivyoshuka garini, kwanza mguu mmoja, anapumzika, kisha wa pili. Niliyaona kwa mkanda wa Mghoi, ambao sasa aliuvuta kwa mikono miwili. Kumhamisha Mghoi kutoka garini hadi kwenye kiti cha magurudumu kulimwacha anahema, ameshikilia paa la gari, na tukikimbilia kumsaidia alituambia tumsaidie kwa kukaa mbali. Nilianza kuhesabu mwenyewe moyoni nani atabaki na nani. Nilikuwa na hofu ambayo haikuwa yangu, lakini nililala nayo.

Kisha akaja Mama Wakio.

Alikuwa mjane wa Mwatate, anauza mboga sokoni, watoto wake wameshaolewa wamekwenda. Karani alimpa lifti bila hata nia ya kumpima, siku ya mvua tu, mwanamke amesimama na gunia la kabichi. Walipoingia gereji Alhamisi ile nilikuwa chini ya gari jingine. Nikatoka kumsalimu, nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona. Nyuma mle walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wanajisukuma mbele na nyuma, Mghoi na huyu mama, bega kwa bega, mama wa watu anaongea habari za bei ya kabichi kama kwamba ndivyo watu wote wanavyokaa garini. Injini ilikuwa imeshazimwa na bado wanaendelea. Karani alikuwa ameshuka, amesimama kando ya mlango, mkono mdomoni.

"Nani kamwambia afanye vile?" nikamuuliza polepole.

"Hakuna mtu," akasema. "Tulipofika karibu na mashamba ya mkonge nikaangalia kwa kioo, nikaona wako wawili." Akawa haniangalii. "Sasa na ya kulia itakufa, Fundi. Weka bushi mbili tayari."

Tukacheka, yeye na mimi, tukacheka mpaka Mama Wakio akatoa kichwa kuuliza kuna nini. Miezi iliyofuata ndiyo niliyomwona Karani mwepesi. Mama Wakio alihamia Ronge kwake, chumba kile cha mbele, na sokoni akawa anateremka siku mbili tu kwa wiki. Mghoi alimzoea, alimwegemezea kichwa. Karani aliniambia amelala usiku mzima bila kuamka, na kwamba hajui mara ya mwisho ilikuwa lini. Alikuja siku moja hana sweta. Nikamuuliza sweta liko wapi, akajishika mabega akashangaa, amelisahau nyumbani.

Mwezi wa saba, baridi ya mlimani ikiwa imeshika kisawasawa, Alhamisi ikapita hawakuja. Ya pili ikapita. Ya tatu mteja mmoja wa Wundanyi akaniambia, unajua yule binti ya Karani amefariki? Mapafu. Alikohoa siku chache tu, wakamteremsha hospitali na kile kigari, akakaa wodini siku mbili, akaenda. Nikasema innalillahi, nikakaa juu ya gurudumu, na kazi ya siku ile sikuimaliza.

Nilipanda kwenda mazishi. Watu walikuwa wengi, kila mmoja anamwambia Karani kwamba Mghoi sasa amepumzika, na kwamba na yeye, mama, sasa atapumzika. Wengine walilisema kwa furaha kabisa, kama wanampa hongera. Alipokea mikono yao yote. Mama Wakio alikaa chini karibu na jeneza, analia kwa sauti. Karani hakulia. Alikuwa anaangalia mbele, uso ule wa kazini, na ilipofika zamu yangu nikashika mkono wake. Akasema, "Asante kuja, Fundi. Barabara iko vipi?" Nikasema iko mbaya.

Siku niliyomwona mara ya mwisho, mvua za vuli zilikuwa zimekaribia, vumbi la Voi limekuwa jekundu mpaka kwenye kope. Aliingia peke yake. Nililisikia gari kabla sijaliona, ngo, ngo, nikajua ni bushi. Akanisalimu kwa utaratibu wake wote, habari ya asubuhi, habari ya nyumbani, habari ya mama. Hakunishtakia gari. Alisema tu, "Zimekwisha. Badilisha."

Nikasema sawa. Nikaiteremsha bimu, nikazitoa zile kuukuu kwa mashine ya kukandamiza, nikatia mpya, nikairudisha bimu mahali pake na boliti zake nimezishika kwa vidole tu, bado kukazwa. Gari likasimama kwa miguu yake juu ya shimo. Na pale nikakwama. Kuuliza swali langu la kila mara, mzigo wa gari ni upi, nilishindwa. Nikashuka shimoni nikajifanya natafuta spana.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Wa kushoto. Gari likalala kidogo, kidogo sana, springi ikatoa mlio.

"Mimi ni mwepesi kuliko yeye," Karani akasema huko juu.

"Haidhuru, Karani."

"Inadhuru," akasema. Mimi nilikuwa naona sakafu ya gari tu, ile kutu na yale matope makavu ya Ronge. "Fundi, unanisikia huko chini?"

"Nakusikia."

"Usitoke. Nataka kusema kitu na sitaki kuangaliwa."

Nikaweka spana chini.

"Mimi nilikuwa naomba Mghoi anitangulie," akasema. "Tangu akiwa msichana mdogo. Kila asubuhi kabla ya chai. Nilikuwa nasema, Mungu, mchukue yeye kwanza, hata kama ni kwa siku moja, halafu mimi nifuate. Sikutaka afe. Nilitaka asibaki."

Nikasema, "Naelewa, mama."

"Bado hujaelewa. Halafu Mama Wakio akaja. Uliona vile nilifurahi. Nimetafuta mtu miaka yote hiyo, nikapata. Na asubuhi niliendelea kuomba ile ile. Mdomo ulikuwa umezoea, nasema huku nawasha moto, akili iko kwa maziwa. Sikukumbuka kumwambia Mungu basi, acha, tumepata mtu."

Sauti yake ilikuwa sawasawa, ndiyo iliyoniumiza.

"Kortini mtu akileta kesi, halafu wakapatana huko nyumbani, lazima arudi aseme nimeondoa. Asiporudi, faili inabaki palepale, na siku yake ikifika inaitwa. Hakuna anayejua kama mlipatana. Nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote. Nimewafokea wamama wa watu pale mlangoni, mbona hukuja kuondoa? Si nilikuambia uje uondoe? Na mimi yangu nikasahau."

"Karani, ilikuwa ni mapafu," nikasema.

"Hiyo ni ya daktari. Nakuuliza wewe. Nilimuua?"

"Hapana."

"Umejibu haraka."

Nilijibu haraka, kweli. Machozi yalikuwa yananitoka na mikono yangu ni michafu, sikuweza hata kujifuta. Mimi ni mtu wa swala tano kwa siku, nina watoto, na katika hizo swala sijui ni ngapi ninazoziswali huku nawaza breki za mtu. Nikajiuliza kama namwambia hapana kwa sababu najua ndivyo, au kwa sababu nataka anyamaze. Lori likapita barabarani, na jingine, na udongo wa ukuta wa shimo ukamwagika kidogo begani kwangu.

"Mimi nimekaza gari hili mara nyingi na Mghoi yuko ndani," nikasema mwishowe, polepole. "Kila mara ulisimama dirishani ukiongea naye kwa Kidawida, na mimi huku chini nasikiliza. Sikuelewa maneno. Lakini sikuwahi kusikia mtu akiongea na mtoto wake vile. Hapana, Karani. Hukumuua."

Springi ikatoa mlio tena, amejisogeza kitini.

"Nimesikia," akasema. "Sijui kama inatosha."

"Na mimi sijui."

"Haya. Kaza, basi. Nimekaa."

Nikaanza na boliti ya kushoto. Spana ilipogeuka mara ya kwanza akaanza kulia huko juu, kwa sauti, kilio ambacho hakikumtoka kule mazishini. Nikakaza ya kushoto, nikakaza ya kulia, nikarudi nikaigusa tena ya kushoto, ambayo ilikuwa tayari imekaza. Nikaendelea kugeuza spana polepole, kwa sababu nikimaliza ningelazimika kutoka, na aliniambia hataki kuangaliwa.